Wakuu naombeni ushauri: msimamizi kagoma kusaini tasnifu yangu

Mwana_Dom: Habari za usiku wakuu. Nasoma uzamili wa isimu hapa Dodoma, nawasilisha Ijumaa ijayo, usingizi sina. Nilipima kama maneno ya vitu vinavyoonekana husomwa haraka kuliko nomino dhahania. Matokeo safi kabisa, msimamizi hataki. Nimfuate mkuu wa idara?

MamaZabibu: Mwanangu, usishindane na msimamizi. Mimi nilibishana na wangu, shahada ya miaka miwili nikaimaliza kwa minne.

Isimu_Tupu: Mwanasaikolojia Paivio alishaeleza tangu 1971: "jembe" hukaa akilini kwa lugha na kwa picha, "haki" hutegemea zaidi lugha. Weka orodha ya maneno.

Mwana_Dom: Orodha ya kawaida tu mkuu.

Isimu_Tupu: Iweke.

Mwana_Dom: Haya. Mti, jembe, mbuzi, moto. Dhahania: uwajibikaji, utangamano, ukiritimba.

Isimu_Tupu: Umepima urefu wa neno! "Mti" silabi mbili, "uwajibikaji" sita. Tena mtu hulikuta mara chache. Ungeweka haki, hila, wivu. Na usichanganye na umahususi: mti na mbuyu vyote vinaonekana, ila mbuyu ni mahususi zaidi. Mwanasaikolojia Rosch na wenzake, 1976, walionyesha watu hutambua "kiti" haraka kuliko "samani".

Mwana_Dom: Nimeshajalidi nakala nne mkuu. Na watoto niliowapima walikwama kweli. Mmoja aliweka kidole kwenye "uwajibikaji", u-wa-ji, akanitazama, akaanza upya. Ushahidi gani tena?

Babu_Kongwa: Kijijini kwetu bwana shamba alisema "tuzingatie uhifadhi endelevu wa malisho". Tukapiga makofi, tukaondoka. Aliyemfuata akasema "mbuzi wasivuke korongo hili mpaka mvua ya kwanza". Hawavuki hadi leo.

Nkuhungu_Moja: Chai hii. Shule zimefungwa, watoto umewatoa wapi?

Mwana_Dom: Si chai! Niliwapimia uani kwa shangazi, Chamwino. Watoto wa majirani 26, kwa saa ya simu.

Isimu_Tupu: Kwa kubonyeza? Tofauti hizi ni vipande vya sekunde, kidole chako tu kinazimeza. Wazazi walisaini ridhaa?

MamaZabibu: Jibu, mwanangu.

Mwana_Dom: Shangazi aliongea nao kwa mdomo.

MamaZabibu: Basi hapo msimamizi amekuokoa.

Mwana_Dom: Nikianza upya na haki, hila na wivu, nani ana kompyuta yenye programu ya kupimia aniazime? Fomu za ridhaa nazipeleka Chamwino kesho asubuhi.