Vikuku nilivyouziwa ni Serama kweli? Nipo Chake Chake

mfugaji_wawi:
Assalaam alaykum ndugu zangu wafugaji. Mie nipo Wawi, Chake, huku Pemba, nafuga kuku wa kienyeji na kuchi, wale wakubwa wa kupigana, zamani tu lakini sasa nimeingia kwenye hawa wadogo, hawa bantamu, nimechukua jimbi mmoja na makoo wawili kwa mtu kaniambia Serama safi asili yake Malaysia. Wadogo kweli, koo anakaa kwenye kiganja, watoto hapa nyumbani mpira wameuacha wanashinda bandani kuwatazama. Kinachonitatiza ni kwamba miguu ina manyoya mpaka vidoleni, ngozi nikifunua chini ya bawa ni nyeusi, na upanga wa jimbi, ile nyama ya kichwani, hauna meno, ni kinundu tu kimelala juu ya mdomo. Manyoya ya mwili ya kawaida. Nataka nijue ni aina gani kabla sijatotolesha maana watu washaanza kuniomba vifaranga na sitaki kumuuzia mtu jina ambalo silo. Na je wakikaa banda moja na kuchi kuna ubaya?

jimbidogo_fuoni:
Waalaykum salaam sheikh. Serama huyo hapana. Serama kifua kimetangulia mbele, mkia wima unakaribia kugusa kichwa, mabawa yameelekea chini kabisa, halafu kwa kawaida miguu mitupu na upanga wa meno, wengi wao hawafiki hata nusu kilo. Hapa kwetu mtu akishaona kuku mdogo basi kashakuwa Serama, kwa sababu ndo jina lenye bei. Udogo peke yake haukwambii kitu yakhe, kuna bantamu wa asili wasio na kuku mkubwa wa aina yao, kama Serama mwenyewe na Sebright wa Uingereza, na kuna wale waliopunguzwa kutoka aina kubwa, mwote humo wamo wadogo. Tazama mkao, upanga na miguu.

bububu_kuku:
Miguu ya manyoya? Pekin hao. Ni wa duara, wanatembea manyoya yanafagia chini, wapole sana. Mie ningekwambia Pekin bila wasiwasi.

ummu_wete:
Kaka yangu wa Bububu hapo sikubaliani nawe, Pekin upanga wake wa meno na ngozi yake ya manjano, huyu katwambia ngozi nyeusi na kinundu. Mfugaji, hebu wakamate uhesabu vidole, miguu yote miwili, na usihesabu usiku kwa tochi, fanya mchana kweupe fungua manyoya moja moja maana kidole cha tano kinakaa nyuma juu ya kile cha kawaida, kimenyanyuka, na manyoya yanakificha.

mfugaji_wawi:
Nimehesabu dada. Jimbi vidole vitano kila mguu! Koo mweupe naye vitano. Koo wa kahawia vinne tu, na huyu ngozi yake naiona kijivu, si nyeusi kama wenzake.

ummu_wete:
Basi hiyo ni damu ya Silkie, tena nyingi. Silkie ndo mwenye vidole vitano, ngozi nyeusi, miguu ya manyoya na upanga wa kinundu, vyote kwa pamoja. Walichokosa wako ni yale manyoya laini kama sufi ya msufi, na sababu yake ni kwamba manyoya yale ni ya kufichika, kifaranga hayamtoki mpaka ayarithi kwa baba na kwa mama. Vile vidole na weusi na manyoya ya miguu mara nyingi hutosha mzazi mmoja kuwa navyo. Kwa hiyo ulionao ni machotara, Silkie kapandishwa na kuku mwengine mdogo. Na wazuri, msiwadharau! Sasa ukimpandisha jimbi kwa koo mweupe, ikiwa wote wamebeba ile asili iliyofichika, kiasi cha robo ya vifaranga watatoka na manyoya ya sufi na hapo utakuwa umepata ushahidi kwenye banda lako mwenyewe. Yule wa kahawia mtenge, muache akuatamilie, koo hawa wana hamu sana ya kuatamia, mpe mayai madogo sita au manane asizidishiwe. Wengine huangua siku ya 19 au ya 20 kwa hiyo usingoje 21 ndo uanze kuchungulia. Ukiuza sema chotara wa Silkie, basi.

jimbidogo_fuoni:
Naongeza la kuchi. Usiwaweke pamoja. Yai halina tatizo, ukubwa wa yai unatokana na koo mwenyewe, lakini jimbi la kuchi likimpanda huyo mdogo linamchana mgongo kwa kucha na uzito wenyewe unamlemea. Na hao wakiwa na kishungi cha manyoya kichwani hawaoni juu, hawaruki, sie huku Unguja kunguru hawa walioletwa tangu miaka ya 1890 wanabeba vifaranga mchana mchana, na mwewe huko kwenu nadhani wapo. Funika banda kwa wavu juu.

chanjo_mkoani:
Na miguu yenye manyoya masika hii inayokuja itawatesa, matope yanaganda, chini weka mchanga mkavu ubadilishe. Ukiona magamba ya mguu yananyanyuka na unga mweupe ni utitiri, paka mafuta ya nazi mpaka ndani ya magamba, rudia, usitumie mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Kideri nacho, ule ugonjwa unaofagia kuku, usikisahau, chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, watu wanapunguza kwa bantamu eti kwa sababu wadogo, sivyo, kifaranga na jimbi la kuchi tone ni hilo hilo moja, kila miezi mitatu.

mfugaji_wawi:
Allah awalipeni. Nshawatenga leo na kuchi. Mayai naanza kukusanya lini, kesho?

ummu_wete:
Kesho bado kaka. Koo anahifadhi mbegu ya jimbi aliyempanda hata wiki mbili tatu, kwa hiyo ya wiki tatu za mwanzo kuleni, msimuwekee koo. Yanayokuja baada ya hapo ndo ya jimbi wako huyo.