Nakwenda Dubai kuchukua mzigo: ninunue dirham hapa Kampala au nibebe dola?

MamaNguo_Kikuubo
Habari za mchana wakubwa kwa wadogo. Nina duka la nguo za watoto Kikuubo, na miaka yote mzigo naagizia watu. Safari hii nakwenda mwenyewe Deira, mtaa wa masoko huko Dubai. Mtaji ni kama shilingi milioni kumi, nusu iko benki, nusu wateja wamenilipa kwenye simu.

Jana nimezunguka maduka ya kubadilisha fedha ya Kampala Road. Dola wanauza 3,620. Dirham kuna anayeuza 1,020 na kuna anayeuza 1,035, na wote wako mtaa mmoja! Dada yangu anasema ninunue dirham hapa hapa nifike nimejikamilisha. Shemeji anasema nisibebe kitu, kadi inatosha. Naomba mwenye uzoefu anielekeze, maana hii pesa ni ya biashara, si ya matembezi.

Mchuuzi wa Naif
Dada yangu, beba dola, hilo halina mjadala. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo mtu wa Deira akipokea dola yako hana hofu nayo, anakukata senti tu. Ukizunguka kidogo unapata 3.65 au 3.66. Hapa Kampala dirham wanunuzi wake wachache, inamkalia mwenye duka kwenye droo, na gharama ya kumkalia unailipa wewe.

Chukua hizo reti zako. Milioni kumi kwa 3,620 ni dola 2,762. Deira kwa 3.66 unashika dirham 10,110 hivi. Ukinunua dirham moja kwa moja kwa 1,020 unapata 9,804. Tofauti ni dirham mia tatu na ushee, na hapo nimechukua duka lako la bei nafuu. Lile la 1,035 sitaki hata kulipigia hesabu.

Kaka Hesabu
Naunga mkono, ila kuna kitu kwenye ubao wa duka la kubadilisha fedha wengi hawakisomi. Reti ziko mbili, kununua na kuuza, na zote zimeandikwa kwa jicho la mwenye duka. "Kununua" ni yeye kununua dola kutoka kwako. Wewe unayetaka dola angalia safu ya "kuuza". Kisha toa moja kwa nyingine: pengo likiwa dogo, hilo duka linaitaka hiyo sarafu. Likiwa pana kama mlango wa bohari, ondoka. Na ubaoni angalia dirham hapo hapo, utaona mwenyewe alichokisema Mchuuzi.

Kipimo cha kuanzia ni reti ya kati (katikati ya kununua na kuuza) inayotolewa na Benki Kuu ya Uganda, iko kwenye tovuti yao kila siku ya kazi. Hutaipata mitaani, ila utajua umekatwa kiasi gani.

Bibi Forodha
Mwanangu, kabla hujahesabu dola zako, ziangalie moja moja. Mimi nasimama pale pale dirishani, nyuma yangu watu wagune wakitaka, sijali. Noti ya mia iwe ile mpya yenye utepe wa bluu katikati. Mwaka umeandikwa mbele, karibu na saini. Ikiwa ya 2006 kurudi nyuma irudishe, na yenye muhuri, wino au mkunjo uliochanika irudishe pia. Atanuna, mwache anune.

Utasema huko Dubai wanazipokea. Labda. Lakini zikibaki ukarudi nazo Kampala, duka lile lile lililokuuzia litakuambia za zamani hatununui, au litakupa reti ya huruma. Na ujue ubao unaandika reti ya noti za mia na hamsini. Za ishirini, za kumi na za tano zina reti yao ya chini. Kwa hiyo chukua mia mia, na hamsini chache za kuanzia safari.

MamaNguo_Kikuubo
Asante sana bibi, hilo la noti ndogo sikulijua kabisa. Sasa hii ya kwenye simu niitoeje?

Wakala_Wandegeya
Nnyabo, usitoe yote taslimu kwa wakala kama ina njia nyingine. Kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa kwa simu, mbali na ada ya kampuni. Kwa milioni tano hiyo kodi peke yake ni elfu ishirini na tano, na ada bado. Ipeleke benki kutoka kwenye simu, kisha utoe dirishani pamoja na ile nyingine. Ulizia ada ya kuhamisha kwanza, inategemea mtandao na benki yako. Mimi ni wakala, nasema jambo linaloniumiza mfukoni.

Shemeji Kadi
Msiidharau kadi. Kulala na laki kadhaa za dirham hotelini Deira, kwenye chumba cha watu wanne, nako ni gharama. Kadi hulipia hoteli na vitu vya dukani vizuri tu. Shida yake ni kwamba akaunti ya shilingi inabadilishwa kwa reti ya benki yako, na juu yake benki nyingi huweka asilimia yao. Kaulize kabla ya safari, waambie wakuandikie.

Na hili mkumbuke wote: mashine ya ATM au ya dukani ikikuonyesha "lipa kwa shilingi ya Uganda" au "lipa kwa dirham", bonyeza DIRHAM. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga reti, na hajawahi kupanga ya kukufaa. Inaonekana kama msaada, namba unaijua, roho inatulia. Ndiyo mtego wenyewe.

Mchuuzi wa Naif
@Shemeji Kadi laki kadhaa za dirham zimetoka wapi? Mama ana elfu kumi 😄 Lakini la kadi nakubali, iwe ya akiba na ya hoteli. Mzigo wa jumla wanataka taslimu, na bei ya taslimu unaweza kuibishia. Baadhi ya wenye maduka watakuambia nipe dola tu, usihangaike. Muulize anaihesabu kwa ngapi. Akisema 3.60, kwa dola zako zote umemwachia dirham 165. Vuka barabara ukachenji, urudi na dirham.

Uwanja wa ndege badilisha ya teksi na chakula tu. Hilo ni la Dubai na ni la Entebbe pia.

Kijana_Arua
Mbona mnajitesa? Kuna jamaa pale mjini unampa shilingi, mwenzake anakupa dirham Deira ndani ya saa moja. Reti nzuri kuliko hao wote.

Kaka Hesabu
Reti nzuri mpaka siku mwenzake asipopokea simu. Ana leseni ya Benki Kuu ukutani? Anakupa risiti? Kama hana, utamshitaki kwa karatasi gani? Mama ana mtaji wa duka, si wa kubahatisha.

Kijana_Arua
Wengi wanafanya lakini.

Bibi Forodha
Wengi wanafanya, wanaolia hawaandiki humu.

MamaNguo_Kikuubo
Hilo la jamaa nimeliacha. Swali la mwisho: jirani yangu dukani tunakwenda pamoja, yeye ana kama milioni thelathini na tano. Kuna shida uwanjani?

Bibi Forodha
Ikifika shilingi milioni thelathini, au thamani yake kwa dola, atangaze forodha Entebbe kwa fomu. Kutangaza si kulipa kodi, watu wanachanganya. Anachohitaji ni kuonyesha pesa imetoka wapi, kwa hiyo atembee na risiti ya duka la kubadilisha na karatasi ya benki. Akinyamaza ikaonekana, hapo ndipo mambo yanaharibika. Dubai wao kiwango chao ni dirham 60,000, hajafika. Wewe hufiki kokote, lakini risiti yako itunze vile vile. Na asikugawie nusu ya pesa zake umbebee, hata akuombe vipi.

Kaka Hesabu
Kuhusu siku: epuka Jumamosi jioni na Jumapili, soko la benki limefungwa na maduka yanapanua pengo kujikinga. Nenda siku ya kazi, saa nne hivi asubuhi. Katikati ya mwezi makampuni huuza dola kulipa kodi, mara nyingine shilingi hupata nguvu kidogo, ila usicheleweshe safari kwa ajili hiyo. Ingia maduka matatu, useme kiasi kabla ya kuuliza reti: "Nataka dola elfu mbili na mia saba, unanipa ngapi?" Ya ubaoni ni ya mtu wa dola hamsini. Wewe wanakushushia shilingi tano, hata kumi.

MamaNguo_Kikuubo
Jumatano nitakuwa Kampala Road. Nitaandika hapa walichonipa.