Spea za Land Rover 109 za kumimina mwenyewe nyumbani, kipi kinawezekana na kipi nisiguse?

Kibosho109
Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya marehemu mzee, imekaa tu uani muda mrefu, sasa nimeamua kuifufua taratibu kama hobi, sio ya biashara wala ya kubebea mkaa. Injini inawaka, bodi ni aluminiamu kwa hiyo kutu haijaila, chasisi ina sehemu mbili tatu za kuchomelea na fundi keshaziona. Kinachonisumbua ni raba na plastiki. Raba ya kwenye lever ya gia, ile inayozuia joto na vumbi lisipande ndani, imechanika, raba za yale madirisha ya hewa mawili chini ya kioo cha mbele zimekakamaa kama ugali wa juzi, mvua ikinyesha maji yanashukia miguuni, na grili ya mbele ya plastiki imevunjika kwenye matundu ya skrubu. Naona watu wa Uingereza wanatengeneza kalibu za silikoni wanamimina spea wenyewe, nikaona mbona hii hata mimi naiweza. Mpango wangu nimimine hivyo vyote, pamoja na bushi za springi na zile raba ndogo za silinda ya breki, niwe nimemaliza kwa mpigo mmoja. Niko Moshi, vitu vingine naagiza Dar. Wenye uzoefu naomba mwongozo, nianze na nini?

Mzee_wa_Kalibu
Mkuu karibu kwenye ugonjwa huu, hauna dawa. Naanza na la mwisho kwa sababu ndio la hatari. Raba za silinda ya breki USIMIMINE. Zile zinakaa ndani ya mafuta ya breki, na raba isiyo ya aina yake ikikutana na yale mafuta inavimba, pedali inagoma kurudi au inazama hadi chini uko kwenye mteremko wa Marangu na watoto nyuma. Seti ya raba za kurepea silinda bei yake ni ndogo, nunua. Bushi za springi pia nunua, au mpe fundi mwenye lathe akuchongee, maana ile ya asili ni raba iliyoganda kati ya bomba mbili za chuma na ule mgandano wa raba na chuma hutaupata jikoni.

Sasa raba ya gia, hapo ndipo raha ilipo. Hiyo ina uwazi ndani kwa hiyo ukimimina silikoni juu yake tu utapata kipande kigumu kisicho na tundu. Fanya hivi: ile yako iliyochanika iunge kwa ndani kwa kipande cha tyubu na supagluu, nyufa za nje zijaze plastisini laini mpaka kidole kisisikie mstari, kwa sababu silikoni inanakili kila kitu, hata alama ya kidole chako utaiona kwenye raba mpya. Kisha ndani yake jaza plasta ya Paris, na iache plasta itokeze juu na chini kama vichwa viwili. Ikikauka una raba iliyovaa kiini cha plasta. Hapo ndio unaizika nusu kwenye plastisini ndani ya kiboksi cha mbao au kadibodi ngumu, unabonyeza gololi pembeni sehemu tatu nne kupata vishimo vya kufungia, unamimina silikoni nusu ya kwanza. Ikishaganda geuza, toa plastisini, paka vaselini nyembamba kote (hata ukisahau kitu kingine usisahau hiki, silikoni inashika silikoni mwenzake vibaya sana), mimina nusu ya pili. Ukifungua unavua ile raba ya zamani kwenye kiini, unarudisha kiini peke yake kikiwa kimekalia vile vichwa vyake, na ule uwazi uliobaki kati ya plasta na silikoni ndio unene wa raba yako mpya. Unamiminia humo polyurethane laini (dawa ya majimaji ya kuchanganya, inayoganda kuwa raba), ile ya kati ya 40 na 50 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa raba.

Kumimina: mkondo mwembamba kama uzi, kutoka juu, kona moja tu ya boksi, uiache ijipandie yenyewe. Ukimwagia katikati unafunika hewa chini na viputo vinakaa pale pale kwenye mikunjo ya raba.

Halafu nunua silikoni ya bati (yaani inayogandishwa na kichocheo cha bati) kwa kuanzia, sio ya platinamu. Ya platinamu haisinyai na inadumu lakini inachagua, plastisini yenye salfa au hata glovu za lateksi zikiigusa haigandi, inabaki uteute milele. Ya bati inasinyaa kidogo ila kwa raba ya gia nani atapima.

Gari_ya_Babu
Mie nauliza tu, si ununue raba mpya uagize Uingereza iishe? 😂

Kibosho109
@Gari_ya_Babu ningetaka iishe ningenunua Probox. Mzee wa Kalibu shukrani sana mkuu, hiyo ya kiini cha plasta sikuwahi kuiwaza. Grili je? Na raba za madirisha ya hewa?

Mzee_wa_Kalibu
Raba za madirisha ya hewa usipoteze silikoni mkuu, ule ni mkanda tu, nenda kwa wauza sili za milango nunua sponji raba kwa mita, kata, gandisha. Sio kila kitu lazima kimiminwe, wengine tukishapata kalibu tunataka kumimina mpaka vijiko vya nyumbani.

MseeWaGrogan
Sasa Kibosho. Niko Nairobi na niko na Series IIA, yangu grili ni ya waya so hio shida yako sina, lakini jirani yangu ako na Series III na hio grili tulitengeneza bila moldi (kalibu). Angalia, plastiki yake jaribu na asetoni kwa upande wa nyuma penye haionekani, ukiona inalainika na inanata basi inakubali hii dawa. Vunja vipande vidogo vya hio hio plastiki, kama uko na masalio ya grili ingine ndio poa zaidi, weka kwa chupa ya glasi, mwagia asetoni ifunike, funga, ngoja usiku mmoja. Inakuwa uji mzito mweusi. Hio uji unapaka kwa ufa tabaka nyembamba nyembamba, na kwa nyuma ya matundu ya skrubu unazika wavu mdogo wa waya ndani yake. Ikikauka ni plastiki imeungana na plastiki, sio gundi juu ya plastiki. Piga msasa, spray, hakuna mtu atajua. Kutengeneza moldi ya grili nzima yenye mapengo yote hayo ni kujitesa buda, na silikoni utamaliza ndoo.

Ingine. Kama iko na vitu za aluminiamu zimevunjika, kama vishikio na mabano madogo, usisumbuke na resini. Peleka kwa wasee wa kusubu, huku kwetu ni Kariobangi Light, huko kwenu nasikia Arusha pia wako, wanamimina kwa mchanga siku hio hio. Waambie wayeyushe pistoni mzee, si mikebe ya soda, pistoni iko na silikoni ya madini ndani (sio hio ya moldi) na inatiririka poa kwa kona. Sampuli yako iongeze unene na pati kidogo, aluminiamu ikipoa inasinyaa karibu asilimia 1.3, so kitu ya milimita 100 inapungua zaidi ya milimita moja na tundu za bolti zinakataa kukutana. Lakini kitu ya steering hapana. Kabisa hapana, hata kama fundi anakuapia kwa mamake.

Kibosho109
Nimewaelewa wakuu. Nimepata polyurethane kwa jamaa mmoja Dar, ila aliyenipa namba yake anasema akimimina inafanya povu kama sabuni, anadhani ni feki. Ni feki kweli au kuna namna?

Bu_Salim_Mascat
Asalaam alaykum jamaa zangu. Mie niko Maskati, nafufua Land Cruiser FJ45, na hili la povu nalijua vyema kwani pwani ya huku na Dar ni mamoja kwa unyevu. Si feki, inshallah. Ile dawa ikikutana na maji, hata unyevu wa hewani, inatoa gesi na ndiyo povu lile. Mkebe ukishafunguliwa na kufunikwa vibaya, kwisha. Wewe Moshi una nafuu kidogo, lakini huyo kaka alokwambia plasta, muulize kama aliikausha, maana plasta inashika maji siku nyingi na huku juu unaiona kavu. Itie kwenye oveni moto mdogo, kisha ipake vanishi tabaka mbili, iache ikauke ndipo umimine. Na kalibu yenyewe iweke juani kwanza mpaka iwe vuguvugu.

Kuhusu viputo, mie nina presha kuka nzee na kompresa ya friji iliyokufa, ule upande wake unaovuta nimeufunga kwenye kifuniko. Silikoni ikivutwa hewa inapanda, chombo chako kiwe kikubwa mara nne ya dawa yenyewe, la sivyo utaosha sufuria mpaka Idi. Na uache kuvuta kabla haijaanza kuganda.

Nyongeza moja kwa wanaochapa sampuli kwa mashine za 3D. Plastiki ya PLA itumie kutengenezea kalibu tu, usiifunge garini. Inalegea kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari iliyofungwa vioo huku kiangazi inafika huko. Mwenzetu mmoja alichapa vitufe vya hita, adhuhuri vikawa vimeinama vyote kama vinasali.

Mzee_wa_Kalibu
Sheikh umesema kweli, nilisahau vanishi. Kibosho, polyurethane ikiwa mbichi ule moshi wake sio wa kuchezea, mimina nje au dirisha wazi, barakoa ya chujio ya mkaa sio ile ya kitambaa, na kama kuna mwenye pumu nyumbani asisogee kabisa. Mizani ya jikoni ya kidijitali itakutosha, pima kwa uzito kama mkebe umeandika uzito, kwa ujazo kama umeandika ujazo, wengi wanachanganya hapo halafu wanalaumu dawa. Jaribu kwanza kimimino kidogo kwenye kikombe cha plastiki kabla hujajaza kalibu.

Kibosho109
Poa wakuu. Plasta nimeshaijaza jioni hii, raba imekaa wima kwenye ndoo ya mchanga isianguke. Kuna mwenye kujua wapi Moshi au Arusha wanauza silikoni ya bati kwa kilo, au lazima niagize Dar?

MseeWaGrogan
Uliza wenye wanatengeneza mapambo ya jipsam ya dari, hao ndio hutumia. Ukipata nunua kilo mbili, utakuja kutaka kumimina knobu ya gia pia.