Nanasi kavu limeota ukungu ndani ya chupa ya kokteli: nimekosea wapi?

Dada wa Kiborloni

Ndugu zangu, habari zenu. Desemba ninakusudia kuwapa jamaa zawadi ya chupa za mdomo mpana zilizojazwa matunda makavu na viungo, ili kila anayeipokea aongeze mwenyewe Konyagi au vodka, aiache siku chache, kisha achuje na kupata kinywaji cha kuchanganyia kokteli. Nimejaribu chupa mbili za nusu lita. Katika ya kwanza niliweka nanasi nililolianika juani kwa siku mbili, tangawizi kavu, mdalasini na vibonge vinne vya sukari. Baada ya wiki tatu, kabla hata haijatiwa pombe, nanasi lilikuwa limeota ukungu. Katika ya pili niliweka chungwa, karafuu kumi na rosela, nikatia vodka na kuisahau kabatini kwa wiki mbili, na kilichotoka kilikuwa kichungu kama shubiri. Naomba msaada.

Mkaushaji

Pole sana, dada. Tatizo la chupa ya kwanza ni unyevu. Nanasi bichi lina maji yapatayo asilimia 86, na siku mbili za jua, tena jua la Moshi lenye mawingu, hukausha nje tu huku katikati kukibaki kubichi. Kata vipande visivyozidi milimita tano, vikaushe katika oveni ya nyuzi 60 hadi 70 mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke, mpaka kipande kiwe kigumu kama ngozi ya kiatu na ukikikata kisitoe majimaji. Hata hapo usifunge zawadi siku hiyohiyo. Mimi huyaweka matunda peke yake katika chupa kavu, nikaijaza theluthi mbili, nikaifunga na kuitikisa kila siku kwa wiki nzima. Nikiona kitone kimoja tu cha maji kwenye kioo kwa ndani, yote hurudi ovenini. Sukari nayo huvuta unyevu, kwa hiyo itie katika kifuko chake na uifunge shingoni mwa chupa.

Mpemba Halisi

Mimi situmii pombe, lakini karafuu nimezichuma tangu utotoni, na karafuu kumi katika nusu lita ni nyingi mno. Mafuta yake ndiyo yaleyale yanayotiwa kwenye jino linalouma, na ulimi wako umekuambia hivyo. Mbili zinatosha. Wale jamaa zako wasiokunywa waandikie kwamba chupa hiyohiyo inaweza kutiwa juisi ya tufaha badala ya pombe, ila ikae kwenye jokofu na imalizwe ndani ya siku mbili, kwa kuwa hakuna kileo cha kuihifadhi.

Baamedi Mstaafu, Arusha

Naungana na Mpemba kuhusu karafuu, lakini uchungu mwingine umetoka kwenye ule utando mweupe wa chungwa, ambao ukikaa wiki mbili ndani ya pombe hutoa uchungu wake wote. Tumia ganda la juu pekee, au uyatoe machungwa baada ya siku tatu. Rosela hutoa rangi yake ndani ya saa chache na haihitaji zaidi ya siku moja, ilhali mdalasini unaweza kuendelea hadi siku ya tano. Ndiyo maana hupendekeza viungo vya haraka viwekwe katika kifuko cha kitambaa kinachoweza kuvutwa nje mapema. Kwenye lebo andika "onja kila siku", maana hakuna idadi ya siku inayofaa kila chupa. Mnanaa mkavu uache kabisa, huleta ladha ya majani ya chai ya jana, weka mchaichai. Konyagi yenye asilimia 35 inafaa, mradi matunda yazame yote. Gongo usimruhusu mtu aitie humo, kwani hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichomo.

Dada wa Kiborloni

Nawashukuru nyote. Nimerudisha nanasi jipya ovenini na nimehesabu karafuu mbili mbili kwa kila chupa. Kaka Mkaushaji, chupa moja leo asubuhi, siku ya nne, ilikuwa na ukungu mwembamba wa mvuke chini ya kifuniko, ingawa kioo chenyewe ni kikavu. Je, nayo niirudishe?

Mkaushaji

Irudishe, dada, tena leo. Na kifuniko ukikaushe kabla ya kukifunga tena.