Naomba ushauri: kisu cha babu kimeshika kutu

Ndugu wanakikundi, salaam. Nina kisu ambacho marehemu babu alikuwa akiparia samaki hapa Kisumu, akamwachia baba, naye akaniachia mimi. Kwa kuwa si cha chuma cha pua, kimeshika kutu hadi kikaanza vishimo karibu na mpini, na mpini wenyewe, wa mti uliolainishwa na mikono ya wazee wangu, umepata ufa na unacheza. Nimekisugua kwa ndimu na majivu, nikakipaka mafuta. Kutu ya juu ilitoka, ya vishimoni imebaki. Fundi mmoja wa jua kali anataka kukipitisha kwenye mashine ya kunoa, lakini nahofia joto litaharibu ugumu wa makali. Je, niiondoeje kutu hiyo bila mashine? Na mpini huo unaweza kukazwa bila kubadilishwa?