"Ram ni ram tu": wauzaji wa Mbeya mnatuumiza

Wakuu, habari za majukumu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "ram gani nzuri", huu ni wa malalamiko na nina hasira kweli.

Kazi yangu ni kuediti video za harusi na vipaimara hapa Mbeya. Mashine ni prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye mazabodi ya B450, na hiyo prosesa nimeipandisha hadi GHz 4.2 kore zote, volti 1.3. Kwa ram zangu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za zamani, GB 16 za spidi ya 3200, ilikuwa imetulia tuli. Nikataka GB 32 za 3600, CL18 (CL ni mizunguko ambayo ram inasubiri kabla ya kutoa data, ikiwa ndogo ndiyo nzuri). Nikaingia duka moja Mwanjelwa, nikamwambia kijana kwa Kiswahili cha kueleweka: nataka jozi, zilizotoka kiwandani kwenye pakiti moja. Akanijibu, "Bosi, ram ni ram tu, mradi ni DDR4." (DDR4 ni kizazi cha ram ambacho bodi yangu inatumia.) Akazichomeka kwenye mashine ya dukani, mataa ya rangi yakawaka, akanigeuzia skrini: "Si unaona? GB 32 zinasoma."

Ndicho kipimo chao hicho. Ikisoma, basi nzima.

Nafika nyumbani, nawasha XMP (mpangilio unaoipeleka ram kwenye spidi yake iliyotangazwa), mashine inajizima na kuwaka, inajizima na kuwaka, skrini nyeusi. Nikafuta mipangilio ya BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine), nikaingia Windows, nikafungua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya mashine, sehemu ya SPD ambako ram inajitaja yenyewe. Wakuu, nilichoka. Moja ni ya 3200, ina profaili ya XMP ya CL16 kwa volti 1.35. Ya pili imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, mwisho wake 2666, volti 1.2, XMP haina. Na zote mbili juu ya bati zimeandikwa 3600! Nikaingiza ukucha kwenye kona ya ile stika, ikabanduka yote kama plasta. Chini yake kuna stika nyingine, ya kiwandani, yenye namba tofauti.

Kwa wasiojua kwa nini napiga kelele. Ram mbili zisizofanana zikikaa pamoja, bodi inafuata iliyo dhaifu, kwa hiyo zote zikashuka 2666 CL19. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa spidi, unapata muda wa kusubiri kwa nanosekunde. Zile zangu za zamani 3200 CL16 ni 10. Hizi "mpya" ni 14.25. Tena kwenye Ryzen njia ya ndani ya prosesa huwa inatembea sambamba na ram: kwenye 3600 ni MHz 1800, kwenye 2666 inaanguka hadi 1333. Yaani nimetoa zaidi ya laki mbili ili mashine yangu iwe nzito kuliko jana.

Hata huo uzito ningeuvumilia. Nikarenda (kutoa video iliyokamilika) harusi ya mteja, ikatoka na mabonge ya kijani usoni mwa bibi harusi wakati analishwa keki. Usiku skrini ya bluu, MEMORY_MANAGEMENT.

Nikarudi dukani. Kwanza wakanicheka, eti CPU-Z inasema 1333 kwa hiyo nimewaletea DDR3! Jamani, nyie ndio mnauza. DDR inapitisha data mara mbili kwa kila mzunguko, 1333 hapo maana yake 2666. Halafu likaja la umeme wa mtaani kwetu. Halafu "mashine yako inachemka", Mbeya hii ya mwezi wa saba watu tunalala na masweta. Mwisho bosi mwenyewe: "Umeovakloki, waranti imekufa." Yaani eti kosa ni langu kwa kupandisha prosesa kupita spidi ya kiwandani.

Hapo ndipo aliponikosea. Nilirudisha prosesa kwenye spidi yake ya kiwandani, nikarudisha BIOS yote kama ilivyotoka, ram zikabaki kwenye 2666 yao kwa volti zao 1.2, nikaiachia MemTest86+, programu ya kupima ram, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. Nikapima moja moja. Ile ya 3200 ikapita safi. Ile ya 2666 makosa, nikaihamishia sloti nyingine, makosa yakaifuata huko huko. Nikarudisha zangu za zamani, prosesa ikapanda tena 4.2, na video ikatoka bila doa. Sasa ovakloki imeingiaje hapa?

Na nyie mnaopandisha prosesa, msianze na prosesa. Ipimeni ram kwanza prosesa ikiwa ya kawaida, ikipita ndipo mguse kizidishi (namba inayopanga spidi ya prosesa) na volti. Ukipandisha vyote kwa mpigo ukapata skrini ya bluu, utabaki unaongeza volti kwenye prosesa isiyo na kosa, na huku ram ndiyo mgonjwa.

Najua wapo watakaosema agiza Kariakoo. Nitaagiza, ikija mbovu nani anairudisha? Nauli ya mzigo kwenda na kurudi, wiki inakata, mteja anataka harusi yake. Nyanda za Juu huku Kusini tuna vyuo, tuna studio, tuna watoto wa gemu kibao, halafu duka linalouza pakiti ya ram mbili ambayo haijafunguliwa unalitafuta kwa tochi.

Yule bosi namtaka anirudishie hela, si kunibadilishia na nyingine ya stika. Risiti ninayo, picha za MemTest ninazo. Mwenye duka Mbeya, Iringa au Makambako mwenye jozi ya DDR4 3600 CL18 ya GB 16 mara mbili, na anakubali nije na flashi yangu nizipime kabla sijatoa hela, aje PM (ujumbe wa faragha). Habari za mataa asiniletee.