Redio imeahidi albamu nzima ya Tina Turner halafu wametufanyia hivi???

Wakuu, nina hasira tangu juzi usiku na nisipoandika hapa nitagombana na mtu.

Kuna redio moja hapa Dar, siitaji jina, wiki nzima wametangaza kwamba Jumamosi saa tatu usiku watapiga Private Dancer ya Tina Turner YOTE, mwanzo mwisho. Bi mkubwa wangu alikuwa na kanda ya ile albamu, ikaliwa na redio kaseti zamani hizo, hajaisikia yote miaka kibao. Nikamwambia. Akatuma mtoto betri mpya, akavuta kiti karibu na redio, akatukataza kabisa kuwasha TV.

Wamepiga nyimbo nne. NNE!

Wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu unazidi dakika saba, na kuna mahali mama Tina ananyamaza anawaachia wapigaji, gitaa la Jeff Beck linalia mpaka unasisimka. Bi mkubwa anapajua hapo, akanyoosha kidole juu kabisa, "tulieni, linakuja." Likaja tangazo la kubeti. Wamekata wimbo katikati jamani, na hawakuurudia.

Kilichonichefua zaidi ni mtangazaji, eti albamu haieleweki, mara rock mara soul mara disko, imeokotezwaokotezwa tu. Kaka, hukujiandaa, sema hukujiandaa! Yule mama alimkimbia mumewe Ike mwaka 1976 akiwa na senti 36 mfukoni, akazunguka miaka anaimba kwenye mahoteli, kampuni za muziki zinamwona wa jana, mpaka mwisho wa 1983 alipourudia wimbo wa Al Green, Let's Stay Together, kwa vinanda vya kisasa vya kina prodyuza Martyn Ware, ukakamata Uingereza, ndo kampuni ikashtuka inataka albamu haraka, ikarekodiwa London ndani ya wiki chache na maprodyuza kadhaa, kila mmoja na mkono wake. Kwa hiyo ndiyo, mitindo ni mingi, na ndo raha yenyewe! Terry Britten kamletea What's Love Got to Do with It, ule unaotembea taratibu kama una ka-reggae ndani, mama Tina mwenyewe hata hakuupenda mwanzoni, ukaenda namba moja Marekani Septemba 1984 yeye ana miaka 44. Rupert Hine kamtengenezea Better Be Good to Me, rock tupu. Kwenye Grammy za 1985 akabeba tuzo ya mwimbaji bora wa kike wa pop NA ya rock, usiku huohuo, kwa nyimbo za albamu hiyohiyo moja. Sasa hapo nani haeleweki? Sauti ni ile ile, yenye mikwaruzo, ndo inashona kila kitu pale.

Better Be Good to Me yenyewe hata hawakuipiga. Muda ukajazwa na salamu za wasikilizaji.

Redio husika mkipita hapa, rudieni kipindi, matangazo wekeni kabla au baada, na mumpe mtu aliyeisikiliza albamu. Bi mkubwa alizima redio akaenda kulala, chai kaiacha nusu kikombe.

Na kama kuna anayejua duka Kariakoo lenye CD orijino ya hii albamu aniambie, nakwenda kesho asubuhi.